Nasikia Vizuri, Kizunguzungu Kinatoka Wapi?

SWALI: Daktari, salamu. Mimi ni mama wa miaka 61, mkazi wa Morogoro. Kwa muda sasa, kila nikigeukia upande wa kulia kitandani, chumba chote huzunguka, kisha hutulia. Presha na sukari nimepima, ziko sawa. Zahanati nimeambiwa tatizo ni sikio. Mbona nasikia vizuri, wala sikio haliumi?

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Jibu ulilopewa zahanati linaelekea kuwa sahihi, ingawa si ajabu limekushangaza, kwa kuwa wengi wetu tulikua tukijua kwamba kazi ya sikio ni kusikia tu. Ndani ya mfupa wa panja, katika sikio la ndani, viungo viwili vimeungana na kutumia neva moja: kimoja cha kusikia, kingine cha kuujulisha ubongo kichwa kimekaaje na kinaelekea wapi.

Sauti ina njia yake. Hutikisa kiwambo cha sikio, na mtikisiko huo hupokelewa na vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo huuongezea nguvu na kuusukuma kwenye majimaji ya koklea, mrija uliojiviringa kama kombe la konokono, ambamo seli zenye vinyweleo huugeuza kuwa ishara za neva. Njia hiyo kwako ni nzima, ndiyo maana unasikia.

Tatizo lako liko jirani yake. Kuna mifereji mitatu ya nusu duara, kila mmoja ukiwa na mwelekeo wake, ili kichwa kikizunguka kwa namna yoyote, iwe ni kuitikia, kukataa au kuinamia bega, majimaji ya mfereji husika yachelewe kidogo kuufuata mwendo na kuvipinda vinyweleo vya seli zilizomo. Pamoja na mifereji hiyo kuna vifuko viwili, utrikuli na sakuli, vinavyohisi mvuto wa dunia na mwendo ulionyooka, kwa mfano lifti inapopanda au basi linapofunga breki. Ndani ya vifuko hivyo kuna utando wa ute uliobeba chembe ndogo mno za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa hasa, na uzito wa chembe hizo ndio unaoujulisha ubongo chini ni wapi.

Umri unaposogea, au mtu anapoumia kichwani, baadhi ya chembe hubanduka kwenye utrikuli na kutumbukia ndani ya mfereji, mara nyingi ule wa nyuma, ambako si mahali pake. Ukigeuka kitandani zinaporomoka na kuyaburuta majimaji, hivyo sikio la kulia linadai kwamba kichwa kinazunguka kwa kasi, ilhali sikio la kushoto halisemi hivyo. Ubongo hulisadiki lile linalopiga kelele, macho yanachezacheza bila hiari yako, nawe unaona chumba kinazunguka. Chembe zikitulia, kwa kawaida kabla ya dakika moja kwisha, kizunguzungu nacho hukoma.

Vidonge vya kizunguzungu hupunguza kichefuchefu, lakini haviwezi kuzirudisha chembe mahali pake, na sioni sababu ya kuvimeza kwa miezi. Vijiti vya pamba navyo havifiki huko. Vitaishia kukutoboa kiwambo. Tiba yenyewe ni ya mikono: daktari wa masikio, pua na koo, au mtaalamu wa fiziotherapia, hukulaza na kukigeuza kichwa chako hatua kwa hatua, kwa utaratibu uliobuniwa na daktari wa Marekani John Epley, mpaka chembe ziteremke kwa uzito wake na kurudi kwenye utrikuli. Wengi hupata nafuu baada ya kufanyiwa mara moja au mara chache. Lakini kizunguzungu kinachoambatana na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, mkono kulegea au usikivu kupotea ghafla hakisubiri miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Mimi hutapika kila nipandapo boti ya Unguja, hasa nikitazama simu. Je, nami nina ugonjwa wa sikio?

JIBU: La, ndugu yangu, sikio lako linafanya kazi barabara. Ukiinamia simu, macho yanaeleza kwamba umetulia, huku mifereji na vifuko vikieleza habari za mawimbi, na ubongo ukishindwa kuzipatanisha, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Kuonyesha kwamba kizunguzungu hutoka huko sikioni, mwaka 1882 mwanasaikolojia William James wa Marekani alichapisha habari za viziwi waliozungushwa, ambao zaidi ya theluthi moja yao hawakupata kizunguzungu hata kidogo, kwa kuwa maradhi yanayoharibu koklea mara nyingine huharibu na mifereji. Wewe keti katikati ya boti mahali penye hewa, tazama mbali kwenye upeo wa bahari, na kama unatumia dawa ya safari, imeze mapema kabla boti haijaondoka bandarini.