Presha ya mimba ikishuka baada ya kujifungua, usiisahau

Dada uliyeuliza kama presha iliyokupanda ukiwa mjamzito na kushuka baada ya kujifungua imeisha: usiihesabu kuwa imeisha. Aliyewahi kupata presha ya mimba yenye protini kwenye mkojo, au kifafa cha mimba chenyewe, ana hatari takriban mara 2 ya kuugua moyo au kiharusi baadaye. Mishipa ya damu huwa imeumia, na presha inaweza kurudi kimyakimya wakati mtoto bado mdogo.

Kwa hiyo pima presha angalau mara moja kila mwaka, na umwombe daktari akupangie pia vipimo vya sukari na lehemu (mafuta kwenye damu). Tunza kadi ya kliniki ya uzazi. Ukienda kutibiwa jambo jingine, taja mwenyewe yaliyokupata, wengi hawaulizi.

Mashine ya nyumbani iwe ya kufunga juu ya kiwiko. Pima unene wa mkono hapo juu ya kiwiko kwa futi ya fundi cherehani: mikanda mingi ya kawaida ya mashine hizo inafaa sentimita 22 hadi 32. Mkono ukizidi hapo, tafuta mkanda mkubwa, maana mdogo hutoa namba ya juu kuliko ilivyo kweli. Dakika 30 kabla, usinywe chai wala kahawa. Kojoa, kaa kimya dakika 5, egemea, nyayo sakafuni, usikunje nne, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara 2 ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Namba za siku ya kwanza ziache. Zilizobaki zipigie wastani. Ukifika 135/85, nenda na daftari lako kwa daktari.

Kama unatumia dawa za presha za enalapril, captopril au losartan na unataka mtoto mwingine, ongea na daktari kabla ya kushika mimba, kwani dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Usiziache kienyeji. Mimba ikiingia, wahi kliniki mapema: aspirini ya dozi ndogo ya kuzuia tatizo lisijirudie huanza vizuri kati ya wiki ya 12 na 16, kwa maelekezo ya daktari.

Na tafadhali, kifua kikibana, au ukikosa pumzi ghafla, ukatoka jasho jembamba, ukahisi kichefuchefu, maumivu yakapanda kwenye taya au mgongo, huenda ni moyo, usikae nyumbani ukinywa dawa ya vidonda vya tumbo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na uombe kipimo cha umeme wa moyo.