Barua kwa mwanangu: mtu huacha kukua lini?

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, waraka wako nimeupata na swali lako nimelisoma mara mbili. Umeniuliza ikiwa ni kweli kwamba mtu hukua hadi anapobaleghe, kisha umri uliobaki ni wa kuchakaa tu. Nami nahisi hukuuliza kwa ajili ya mtihani wako wa saikolojia peke yake, bali kwa kuwa umetimiza miaka 30 na unajiona umechelewa.

Aliyekutia wasiwasi bila shaka ni mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi. Katika hatua zake nne za ukuaji wa akili, ya mwisho, yaani ya kufikiri juu ya mambo yasiyoshikika, huanza mtoto akiwa na miaka 11 au 12 hivi, na baada yake hakuweka nyingine. Piaget alichunguza namna mtoto anavyoifikia mantiki ya mtu mzima, na kwa hilo namwamini: nilipofundisha chekechea, nikimimina maji ya bilauri fupi katika bilauri ndefu nyembamba, watoto waliniapia kwamba yamezidi.

Kwa swali lako, hata hivyo, namwendea mwanasaikolojia mwingine, Erik Erikson, ambaye mwaka 1950 alieleza hatua nane, kuanzia uchanga hadi uzee, kila moja na mvutano wake. Ni kweli kwamba mvutano wa kuijua nafsi aliuweka ujanani, lakini alishikilia pia kwamba jambo lisilotatuliwa katika hatua moja hurudi katika zinazofuata, likadai kushughulikiwa upya. Yeye mwenyewe hakumjua baba aliyemzaa, hakupata shahada ya chuo kikuu, na jina la Erikson alijipa akiwa na miaka thelathini na kitu.

Kuhusu kuchakaa, mwanasaikolojia Mjerumani Paul Baltes alisema kwamba katika kila umri mtu hupata na kupoteza kwa pamoja. Mfano wake ulikuwa mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza idadi ya vipande, akavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu za kasi akalegeza mwendo ili kasi hiyo isikike.

Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi yako. Zamani alipokea kila kofia ya viua aliyoletewa. Sasa hushona nakshi moja tu aliyoizoea, asubuhi, mlangoni penye mwanga, na nyuzi hutungiwa sindanoni na mtoto wa jirani. Kazi yake imekuwa chache, na kwa macho yangu ni safi kuliko ile ya ujanani.

Kofia yako ameifikisha nusu. Nitumie kipimo cha kichwa chako, kwani kile cha ulipokuwa kidato cha nne amekikataa.

Mamako