Fundi Bomba Anajibu: Povu kwenye ndoo ya kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nina wapangaji sita hapa Mabibo, Dar es Salaam. Mgao ukiisha maji yakarudi, ndoo ya kwanza inatoka na povu la sabuni. Fundi aliyetuunganishia anasema noni-ritani (vali inayozuia maji yasirudi nyuma) ipo baada ya mita, nisiwe na wasiwasi. Kweli?
Mama Mwenye Nyumba, Mabibo

JIBU: Marahaba mama. Wasiwasi uwe nao. Kuna mpira umeachwa ndani ya beseni la kufulia, kwako au kwa jirani. Mtaa ukikatiwa maji, bomba hunyonya kama dereva anavyonyonya petroli kwa mpira. Mgao ujao ondoa mipira yote uani. Povu likiendelea, linatoka kwa jirani, na hapo noni-ritani yako haikusaidii, maana kazi yake ni kuzuia ya kwako yasitoke.

Lakini ipime. Siku ya maji, funga koki ya upande wa mtaa, kisha fundi alegeze yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka) iliyo kati ya koki na noni-ritani. Yatadondoka maji kidogo, halafu yakome. Yakiendelea kutiririka yakitokea nyumbani, haizibi. Mwaka jana niliifungua moja Sinza: punje ya mchanga na uzi wa thredi tepu vilikuwa vimekaa chini ya kisahani kinachoziba ndani yake, raba imechimbika kama imeng'atwa. Niliisafisha kwa mswaki na kubadilisha raba. Springi ikiwa imekatika, nunua mpya. Mwambie pia aangalie aina yake. Ile ya kijilango ikifungwa kwenye bomba ambalo maji yanashuka, kijilango kinaning'inia wazi muda wote. Makosa hayo nimeyakuta mara nyingi, na yananiuma, kwa sababu mwenye nyumba ameshalipa akidhani amelindwa.

Hata ikiwa nzima, usiitegemee yenyewe kuzuia maji ya beseni la sabuni wala ya bomba la dawa ya mimea. Kinga ya hakika ni nafasi ya hewa: mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo wa chombo mara mbili ya upana wa mdomo huo, isipungue milimita 25. Chicago mwaka 1933, maji machafu yaliingia kwenye maji ya kunywa ya hoteli kupitia mabomba yenye kasoro, wakafa watu 98.

Ndoo hiyo ya kwanza imwage chooni. Kuchemsha kunaua vijidudu, sabuni inabaki. Ukishaifungua noni-ritani, niandikie umekuta nini chini ya kisahani.