Supachaja ya kujifungia mwenyewe: mafuta na mkanda kwanza

Wanaoniuliza kuhusu supachaja, yaani pampu inayozungushwa na mkanda ili kuisukumia injini hewa zaidi, niliyoifunga kwenye gari langu la Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza karibu wote huanza na swali moja: pampu yenyewe niliipata wapi? Hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Eaton M45, iliyokuwa ikifungwa kiwandani kwenye Mini Cooper S ya miaka ya 2002 hadi 2006, hupatikana kwa wauza vipuri vilivyotumika, na ni chuma cha kuaminika. Kazi yenyewe iko kwenye mkanda unaoizungusha na kwenye mafuta yanayopaswa kuifuata ile hewa. Ukiyapanga hayo mawili vizuri, injini ya zamani itakuvumilia. Ukiyaacha yawe ya mwisho, utayeyusha pistoni.

Lakini hata kabla ya kununua, pima kompresheni ya silinda zote injini ikiwa imepata moto. Silinda iliyo dhaifu isiwe chini ya iliyo bora kwa zaidi ya asilimia 10. Injini inayokula oili, au yenye gasketi ya silinda hedi inayotia shaka, irekebishwe kwanza. Rejeta, klachi na breki vikaguliwe siku hiyohiyo, maana gari litakuwa na kasi ambayo halikuzaliwa nayo.

Sasa hesabu, na naomba usiiruke. Injini ya lita 1.6 ya mipigo minne, kila krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) inapozunguka mara moja, huvuta hewa ya nusu ya ujazo wake, yaani lita 0.8. M45 husukuma takriban lita 0.74 kwa kila mzunguko wake. Ukichagua puli zinazoizungusha mara 1.5 kwa kila mzunguko wa krenki, itapeleka lita 1.1 mahali penye nafasi ya lita 0.8. Hewa inabanana, na huko kubanana ndiko presha unayoitafuta: karibu bar 0.4 kwa hesabu ya haraka, ingawa jibu la kweli utalisoma kwenye geji iliyounganishwa na manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika, supachaja itakuwa kwenye 10,500. Kwa injini yenye uwiano wa mgandamizo (kiasi ambacho pistoni hubana hewa ndani ya silinda) wa 9.4 kwa 1 na pistoni zake za asili, mimi naishia hapo, na namshauri kila mtu aishie hapo.

Hesabu hiyo pia inajibu swali la vifeni vya umeme vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la supachaja. Kubana hewa ya injini hii kwa bar 0.4 kwenye mizunguko 6,000 kunataka nguvu ya kilowati 6 hivi. Kwa betri ya volti 12, hizo ni ampea 500. Angalia unene wa nyaya zinazokuja na kile kifeni, kisha weka pesa yako mfukoni.

Kilowati hizohizo 6 ndizo zinazopita kwenye mkanda wako, kwa hiyo breketi ya supachaja si mahali pa kubana matumizi. Yangu niliichonga kutoka bamba la chuma la milimita 10, nikaifunga kwenye injini yenyewe na si kwenye bodi, kwa sababu injini hutikisika na bodi haifuatani nayo. Puli zote lazima ziwe kwenye mstari mmoja; weka rula ndefu iliyonyooka usoni mwa puli na usikubali hata milimita moja ya kupinda. Kisha hakikisha mkanda unaikumbatia puli ndogo ya supachaja vya kutosha. Kama unaigusa kwa robo ya mzunguko tu, utateleza, hata ukiukaza mpaka beringi zilie. Dawa ni puli ya kukazia iliyowekwa upande uliolegea, karibu na ile puli ndogo. Dalili za kuteleza ni vumbi jeusi kwenye breketi na presha inayoshuka wakati mizunguko inapanda.

Tuje kwenye mafuta. MX-5 ya lita 1.6 hupima hewa kwa kibao kinachosukumwa na upepo unaoingia. Kibao kikishafunguka mpaka mwisho, kompyuta ya injini haijui tena kwamba hewa inaendelea kuongezeka, na mchanganyiko unakuwa na mafuta kidogo wakati mbaya kabisa. Wako wanaotumia regulata inayopandisha presha ya mafuta kadiri presha ya hewa inavyopanda. Inafanya kazi, ila haigusi taimingi ya cheche, yaani wakati hasa ambao plagi inawasha mafuta, nayo ni nusu ya usalama wako. Niliweka kompyuta ya MegaSquirt yenye sensa ya presha ya manifodi, pamoja na injekta kubwa zaidi. Chini ya presha nataka mchanganyiko wa 11.5 hadi 12, yaani uzito wa hewa kwa kila uzito mmoja wa mafuta, si ule wa 14.7 wa mwendo wa kawaida, na injekta zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake. Taimingi irudishwe nyuma, yaani cheche icheleweshwe, kwa kuanzia na digrii 1 kwa kila psi 1 (karibu bar 0.07) ya presha. Sensa ya oksijeni ya bendi pana ifungwe kwenye ekzosi wiki kadhaa kabla ya supachaja, ili uzoee kuisoma injini ikiwa bado ya kawaida.

Joto nalo lina hesabu yake. Pampu ya aina hii haina ufanisi mkubwa: hewa inayoingia ikiwa na nyuzi 30 inaweza kutoka na nyuzi 85. Kipoza hewa kinasaidia sana kama una nafasi ya mabomba. Kama huna, rudisha taimingi nyuma zaidi na ukubali nguvu kidogo.

Mipira midogo ya manifodi, yaani vibomba laini vya mpira, ndiyo inayosahaulika. Ule wa busta ya breki, kifaa kinachotumia mvuto wa manifodi kulainisha pedali, lazima uwe na valvu ya njia moja iliyo nzima, kwa kuwa manifodi ambayo zamani ilikuwa inavuta sasa inasukuma. Kagua hivyohivyo mpira wa kupumulia wa krenkikesi (sehemu ya chini ya injini inayobeba krenki), la sivyo presha itaingia chini na kusukuma oili nje kupitia sili.

Siku ya kwanza barabarani, chukua mtu wa kusoma vipimo wewe ukiendesha. Gia ya tatu, mahali pasipo na magari, kanyaga taratibu. Presha ikipanda huku mchanganyiko ukipita 13, ondoa mguu hapohapo, rudi nyumbani, uangalie kwanza filta na pampu ya mafuta.