Muulize Mwalimu: Hesabu ya dukani imegota kwenye namba tasa

*Shikamoo Mwalimu. Nauza mchele na maharage kwa jumla karibu na Soko la Kilombero, Arusha. Programu ya mauzo ilipokuwa inajumlisha hesabu za mwaka iligota kwenye shilingi 2,147,483,647. Niliendelea kuingiza risiti, namba haikusogea. Fundi ameshairekebisha, ila anasema ilikwama kwa sababu hiyo ni namba tasa. Ni kweli? Na watu walijuaje kuwa namba ndefu hivyo haigawanyiki?*
Mama Mchele, Arusha

Marahaba, mama. Tasa ni kweli: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini kilichoikwamisha programu ni nafasi. Ilitengewa nafasi 32 za kuandikia sifuri au moja. Nafasi moja inashika alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na zote zikijaa unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Mafundi wengi huongeza nafasi ziwe 64. Kikomo hapo ni 2 kwa kipeo cha 63, toa 1, nacho si tasa. Kinagawanyika kwa 7.

Swali lako la pili ndilo lililofanya chai yangu ipoe hapa Moshi. Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi Urusi, mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamezima kabisa. Kipeuo cha pili cha namba yako ni 46,340 na ushee. Ukifika hapo hujapata kigawo, hakipo tena. Ila kujaribu zote ni kazi ya kuua mtu, na Euler hakuzijaribu zote. Alijua kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 31, na kibakize 1 au 7 ukikigawa kwa 8. Chuja hivyo, zinabaki namba 373 tu, na nyingi kati ya hizo si tasa, unazitupa.

Nilipokuwa nafundisha niliandika ubaoni 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, yaani 2,047. Darasa zima likasema tasa, maana 11 ni tasa. Asubuhi yake binti mmoja wa kidato cha pili akaniletea karatasi iliyochakaa kwa kufutwa: 23 mara 89. Nikamwambia azigawe zote mbili kwa 11. Kila moja ikabakiza 1. Akagawa kwa 8: ya kwanza ikabakiza 7, ya pili 1. Alinitazama kama mtu aliyeona mlima ukifunguka mawingu. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Kama kalkuleta yako ya dukani ina tarakimu 12, jaribu mwenyewe, mama. Tasa ya kwanza inayopita kwenye chujio la Euler ni 311. Gawa, utabaki na 35. Kutoka hapo unaruka moja kwa moja hadi 1,303, na hiyo inabakiza 226.