Kabla Hujaandika "Ya Majaribio" Mbele ya Chaguo Jipya

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitunza programu ndogo ya kusimamia mikopo ya vyama vya akiba na mikopo, na kosa lililonifundisha zaidi katika kazi hiyo halikuwa la hesabu wala la usalama. Lilikuwa la maneno mawili niliyoyaweka kwenye mabano katika menyu: "ya majaribio". Chaguo lenyewe lilikuwa la kutoa taarifa ya mwezi katika faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linaloweza kufunguliwa katika Excel. Sikuwa na uhakika na mpangilio wa safuwima, toleo lilikuwa limekwisha kuchelewa, na mabano yale yakaonekana kuwa njia ya heshima ya kutoa kitu kisichoiva bila kubeba lawama yake.

Miezi minne baadaye niliupanga upya mpangilio huo. Namba ya mwanachama niliitanguliza, riba nikaitenga na marejesho ya mkopo, na tarehe zote nikazigeuza zianze na mwaka. Sikumwarifu mtu, kwa kuwa niliamini kwamba nimekwisha kuarifu. Jumamosi moja jioni, siku moja kabla ya mkutano mkuu wa chama kimoja, mweka hazina wake alinipigia simu. Alikuwa amelitegemea faili lile katika jedwali lake la Excel tangu mwezi wa kwanza, na sasa fomula zake zilikuwa zikijumlisha riba mahali pa marejesho. Nilimjibu kwa sauti ya mtu anayejiona yuko upande wa haki: "Mama, lakini pale palikuwa pameandikwa kwamba ni ya majaribio." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilidhani mnatujaribu sisi, kama tutaweza kuitumia."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya upungufu wa lebo hiyo. Mwanafunzi hufanya jaribio darasani, mbegu mpya hupandwa katika shamba la majaribio, na mfanyakazi aliyeajiriwa juzi yumo katika kipindi cha majaribio. Kila mahali yupo anayepimwa na yupo anayepima. Maneno yangu hayakusema ni kitu gani kinachopimwa, ni nani anayepima, wala matokeo yatatoka lini. Msanidi programu akisoma "ya majaribio" huelewa kwamba kitu hicho kinaweza kubadilika bila taarifa, ilhali mweka hazina huelewa kwamba ni kipya tu. Wote wawili wamesoma kwa usahihi.

Tangu siku ile, ninapofikiria kuiweka lebo hiyo, huifikiria kama barua ya ajira yenye kipindi cha majaribio. Barua ya namna hiyo hutaja tarehe ya mwisho, majukumu yatakayoangaliwa, na msimamizi atakayeandika tathmini. Tarehe ikifika, mtu huthibitishwa kazini, au huachishwa, au huongezewa muda kwa sababu zilizoandikwa. Mwajiri anayemweka mtu katika majaribio kwa miaka mitano hamjaribu tena, bali anakwepa wajibu ambao angekuwa nao kwa mfanyakazi aliyethibitishwa.

Dunia ya programu ina wafanyakazi wengi wa namna hiyo. Gmail ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004, na neno "beta", lebo ya toleo la majaribio, likabaki kwenye nembo yake hadi Julai 2009, wakati mamilioni ya watu walikuwa wakiitegemea kila siku. Amri za switch na restore ziliingia katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, toleo 2.23 mnamo Agosti 2019 pamoja na tangazo la herufi kubwa katika nyaraka zake kwamba ni za majaribio na kwamba tabia yake inaweza kubadilika, na tangazo hilo likakaa kwa zaidi ya miaka mitano. Mfano unaonigusa zaidi, hata hivyo, ni wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Mipangilio ya kiini chake ilikuwa na swichi iliyoitwa CONFIG_EXPERIMENTAL, na bila kuiwasha, vipengele kadhaa havikuweza hata kuchaguliwa. Vitu vingi vyenye manufaa vilikaa nyuma ya swichi hiyo kwa muda mrefu mno, hivyo karibu kila aliyetayarisha kiini cha Linux aliiwasha bila kufikiri, na onyo ambalo kila mtu amelizima halimwonyi yeyote. Mwaka 2012 wasanidi wa kiini walikubaliana kwamba swichi hiyo imepoteza maana yake, wakaanza kuiondoa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kujiuliza, kabla ya kuandika neno lolote, ni kitu gani hasa unachotarajia kukibadilisha. Nilipaswa kujiuliza hivyo kuhusu faili lile la CSV, na jibu lingekuwa jepesi: mpangilio wa safuwima na muundo wa tarehe. Hilo ni jibu halali, na lilistahili kuandikwa kama lilivyo: "Mpangilio wa safuwima unaweza kubadilika katika toleo lijalo." Mweka hazina yeyote angeielewa sentensi hiyo, na pengine angesubiri kabla ya kuzijenga fomula zake juu yake. Lakini mara nyingi, nikijiuliza kwa uaminifu, sipati kitu ninachotarajia kukibadilisha. Nilichonacho ni hofu tu kwamba huenda kuna hitilafu ambayo sijaiona. Hofu ya namna hiyo haitibiwi kwa lebo. Hutibiwa kwa kuipima programu zaidi, au kwa kuchelewesha toleo, mambo ambayo lebo hutusaidia kuyakwepa.

Lipo pia kundi la machaguo ambayo lebo haifai kwake hata kama mabadiliko yanatarajiwa, nalo ni lile linalogusa data kwa namna isiyorudishika. Niliwahi kutengeneza chaguo la kuwaunganisha wanachama waliosajiliwa mara mbili, na nikataka kulitoa likiwa na mabano yaleyale. Nilipofikiri upya niliona kwamba, endapo akiba ya Asha mmoja itahamishiwa kwa Asha mwingine, mabano hayatairudisha. Badala ya lebo nililigawa chaguo hilo hatua mbili: hatua ya kwanza huonyesha orodha ya wanaotarajiwa kuunganishwa na salio la kila mmoja, bila kugusa chochote, na hatua ya pili hutekeleza baada ya mtu kuipitia orodha, huku nakala ya hali ya awali ikihifadhiwa. Kazi iliongezeka kwa wiki mbili, na haja ya lebo ikaisha.

Lebo ina gharama nyingine ambayo sikuitarajia: huwafukuza watu walewale ambao matumizi yao ndiyo yangeuonyesha udhaifu wa kitu kipya. Niliongeza njia ya kukokotoa riba kwa salio linalopungua, pamoja na ile ya riba isiyobadilika iliyokuwapo tangu mwanzo, nikaitangaza kuwa ya majaribio. Kwa mwaka mzima hakuna chama kilichoiwasha, na mimi nikautafsiri ukimya ule kama dalili ya uimara. Siku nilipoiondoa lebo, vyama vitatu viliiwasha ndani ya wiki moja, na hitilafu mbili zikajitokeza, mojawapo ikiwa katika mikopo inayolipwa kabla ya muda. Ningefanya vizuri zaidi kama ningevitafuta vyama viwili vinavyoihitaji, nikakubaliana navyo kuitumia sambamba na hesabu za mkono kwa miezi mitatu, kisha nikaitoa kwa wote bila mabano.

Suala linalonishughulisha kuliko yote ni la jina. Kishawishi ni kuliweka neno la majaribio ndani ya jina la chaguo lenyewe, ili mtu asiweze kulitumia bila kuliona. Njia hiyo ilitumika katika itifaki za intaneti kwa miaka mingi: vichwa visivyo rasmi, yaani majina ya mistari ya maelezo inayotangulia ujumbe, vilianza na herufi X na kistari, kama X-Forwarded-For. Tatizo hutokea pale jaribio linapofanikiwa. Watu wamekwisha kulizoea jina, seva zinalitegemea, na kuondoa kiambishi kunamaanisha kuvivunja vitu vinavyofanya kazi au kuyahudumia majina mawili milele. RFC 6648, waraka wa taratibu za intaneti wa Juni 2012, ulishauri kuachana na desturi hiyo kwa sababu za namna hii. Vivinjari vilipita njia ileile kwa viambishi vya majaribio katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti, hadi Firefox ikalazimika kuvikubali vile vya "-webkit-" kwa sababu tovuti nyingi ziliandikwa kana kwamba ndivyo vilivyo rasmi.

Dawa ninayoiona ni kulipa chaguo jina lake la kudumu tangu siku ya kwanza, na kuliweka jaribio katika swichi ya pembeni. Lugha ya programu ya Java hufanya hivyo kwa nidhamu ninayoihusudu. Kipengele kinachotolewa kwa mapitio huandikwa kama kitakavyoandikwa kikikubaliwa, lakini hakifanyi kazi mpaka mtumiaji awashe swichi ya --enable-preview, na programu iliyotengenezwa kwa kukitumia katika toleo moja haiendeshwi na toleo jingine. Hivyo haiwezekani kukitegemea kwa bahati mbaya. Records, njia fupi ya kuunda vifurushi vya data, zilipitia mapitio katika matoleo ya 14 na 15, zikathibitishwa katika toleo la 16 mwaka 2021. Violezo vya matini, njia ya kupachika thamani ndani ya maandishi, kwa upande mwingine, viliwekwa kwa mapitio katika matoleo ya 21 na 22, waliovitengeneza wakaona kwamba usanifu wake hauridhishi, na toleo la 23 la Septemba 2024 likatoka bila wao kuvirudisha. Kuondolewa huko ndiko kunakonishawishi kwamba lebo ile ni ya kweli, kwa sababu waliotumia swichi walijua tangu mwanzo kwamba mlango unaweza kufungwa.

Programu yangu haina watumiaji wanaoandika amri, kwa hiyo swichi peke yake hainitoshi. Katika ofisi nyingi za vyama, karani ndiye anayebonyeza menyu, na mweka hazina ndiye anayelipokea faili, pengine kwa WhatsApp, bila kuiona menyu hata mara moja. Onyo lililobaki kwenye skrini ya karani halikumfikia mtu aliyelihitaji. Siku hizi onyo husafiri pamoja na matokeo: taarifa inayochapishwa hubeba mstari wa onyo chini ya kichwa chake, na faili la CSV hubeba namba ya mpangilio katika jina lake, ili nikibadilisha safuwima jina nalo libadilike. Mpangilio wa zamani huendelea kupatikana kwa miezi sita. (Sikuweka onyo ndani ya faili lenyewe, kwa sababu mstari wa ziada juu ya safuwima ungezivunja fomula zilezile ninazojaribu kuzilinda.)

Kuhusu tarehe ya mwisho, niligundua mapema kwamba siwezi kuiaminia kumbukumbu yangu. Kila chaguo lenye lebo sasa lina tarehe iliyoandikwa ndani ya msimbo, pamoja na sentensi moja inayotaja ninachokipima. Tarehe hiyo ikipita kabla sijafanya uamuzi, mtambo unaotayarisha toleo jipya hukataa kuendelea mpaka nilithibitishe chaguo, nilifute au niisogeze tarehe mbele kwa sababu iliyoandikwa. Hadi sasa umenikatalia mara mbili. Mara ya kwanza nilithibitisha chaguo husika siku hiyohiyo. Mara ya pili nilikusudia kuongeza miezi mitatu, nikakaa mbele ya nafasi ya kuandika sababu kwa karibu nusu saa, sikuipata, nikalifuta chaguo lenyewe. Hakuna chama kilichouliza limekwenda wapi.