Jibu: Wapemba wa Kilifi waliishije bila kitambulisho?

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Umeuliza jamaa zako Wapemba, watu wa asili ya kisiwa cha Pemba, walioko Kilifi na Kwale waliwezaje kukaa Kenya miaka yote ile bila kitambulisho.

Wengi walianza na dago, yaani kambi za wavuvi: wanafuata msimu wa samaki, wanapiga kambi, wengine wakaoa hukohuko. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wakaongezeka. Kuvua wanajua hasa, ila leseni ya uvuvi inataka kitambulisho. Basi mtu akinunua chombo, kinaandikwa jina la mwenyeji anayemwamini, na Mpemba mwenyewe anaenda baharini kama baharia tu. Laini ya simu na M-Pesa, mtindo huohuo. Balaa liko hapo: mwenye jina akifa, au wakikosana, chombo ni cha warithi wake. Huna karatasi, na ukienda polisi utaulizwa kwanza wewe ni nani. Wengine walijiita Wadigo au Wabajuni, jamii za pwani ya Kenya (lafudhi yao ya Kipemba ikawaumbua).

Tarehe 28 Julai 2023 Rais Ruto aliwatambua Wapemba rasmi kuwa moja ya jamii za Kenya. Usiwachanganye na wale waliokimbia Zanzibar kwenda Shimoni, Kwale, Januari 2001. Wale walikuwa wakimbizi, habari nyingine kabisa.

Kama jamaa yako bado hana kitambulisho, aanze kwa chifu wa eneo lake, aende na wazee wanaowajua wazazi wake. Akishapata chake, afuatilie vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Na chombo kilichoandikwa jina la mtu akihamishe sasa, mwenye jina angali hai.